Mrejesho: kabati la kona ya jikoni

Wakuu, niliuliza nifanyeje na kabati la kona ambalo kitu kikiingia nyuma hakitoki mpaka upige magoti na tochi. Ahsanteni sana! Nimeweka sahani ya kuzunguka, ile unayopanga vitu juu yake kisha unaizungusha, vya nyuma vinakuja mbele. Aliyesisitiza nipime kwanza uwazi wa mlango, Mungu ambariki: ndani kuna nafasi kubwa, lakini kinachoingia ni kile kinachopita mlangoni. Chagueni yenye ukingo, maana ukiizungusha kwa haraka, chupa ya mafuta haiangukii nyuma. Sufuria nzito ziko chini, kwenye trei ndefu yenye mshikio. Naivuta, zote zinakuja mbele. Kule mwisho kabisa nimeweka vyombo vya wageni. Zimebaki bawaba tu, mlango haufunguki wote. Fundi anakuja kuzibadilisha.