Masikio ya mbwa: tupeane uzoefu wa kuyatunza na kupambana na maambukizi

MamaSimba

Habari zenu wapendwa. Naomba uzi huu tukusanye visa vya masikio ya mbwa wetu: uliona dalili gani kwanza, daktari alikuta nini, na kipi kilisaidia kweli. Kila mara naona mtu anauliza "sikio la mbwa linanuka, nitie dawa gani?" na anamiminiwa majina ya dawa kabla hajaulizwa ndani ya sikio kuna nini. Mbwa wawili wanaweza kujikuna sawasawa, kumbe mmoja ana fangasi na mwingine ana mbegu ya nyasi imemchoma huko ndani. Dawa ya yule haimfai huyu.

Naanza na wangu. Simba ana masikio marefu yaliyolala, na akiona maji lazima aingie. Alianza kwa kutikisa kichwa, baadaye akawa anasugua sikio la kulia kwenye zulia huku akiguna. Ukilifunua unakutana na harufu ya uchachu na nta ya kahawia inayonata. Daktari alichukua uchafu kidogo, akaupaka kwenye kioo, akautia rangi, kisha akaniita nami nitazame kwenye hadubini. Niliona vidubwana vyenye umbo la karanga isiyomenywa, vimejazana. Ni fangasi wa jamii ya hamira, Malassezia. Akanieleza kuwa hata sikio lenye afya huwa nao, ila wachache. Ngozi ikivimba na unyevu ukikaa, ndipo wanapozaliana.

Akanichorea na mfereji wa sikio. Kwa mbwa unateremka kwanza, halafu unakata kona kuingia ndani hadi kwenye ngoma ya sikio. Maji yakishafika kwenye kona hiyo hayatoki kirahisi, na ukitumbukiza kijiti cha pamba unashindilia uchafu kulekule. Mchoro ule ulinisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Simba alipona kwa matone, na sasa kila akitoka majini namtilia kisafisha masikio cha mbwa kinachokausha. Karibuni.

Mfuga_Wengi

Ahsante kwa uzi huu, dada. Kwangu ilikuwa utitiri. Tulichukua mbwa mdogo aliyekuwa hana mwenyewe, na masikio yote mawili yalikuwa na chembechembe nyeusi kavu. Alikuwa anajikuna mpaka analia. Daktari alichungulia kwa kifaa chenye taa akaona vitu vyeupe vidogo vinatembea.

Nawaomba wenye wanyama zaidi ya mmoja mlishike hili: utitiri huu unahama kwa kugusana, na paka anaupata pia. Tulitibu mbwa wote pamoja na paka kwa wakati mmoja, hata wale ambao hawakuwa na dalili. Kutoka yai hadi mdudu mzima ni kama wiki 3, kwa hiyo tiba lazima ivuke muda huo, la sivyo mayai yanaanguliwa na mnaanza upya.

Halafu daktari aliuliza uzao wa mbwa kabla ya kuchagua dawa. Koli (mbwa wa kuchunga kondoo) na jamaa zake wengi hubeba hitilafu ya jeni iitwayo ABCB1, na ivermektini, dawa ya kuua vimelea kama utitiri, kwa kipimo kikubwa inaweza kuwadhuru ubongo. Kama hujui uzao wa mbwa wako, usimkisie kipimo.

Shangazi_Pembe

Mimi kisa changu ni kirefu, nivumilieni, maana naamini kuna wengi humu wanapita nilipopita.

Mbwa wangu ni koka spanieli jike. Sikio linauma, tunatibu, linapona kabisa, halafu linarudi. Mara hili, mara lile, mara yote mawili. Kila safari uchafu ulipimwa na dawa ilikuwa sahihi. Nilikaribia kukata tamaa, kwa sababu kumshika mnyama anayekuamini na kumtilia kitu kinachomuuma kila siku ni jambo linaloumiza moyo.

Tulibadilisha daktari, na huyu wa pili hakuanza na sikio. Alianza na miguu. Akauliza: anajilamba vidole? Ndiyo. Kwapani kuna wekundu? Ndiyo. Anasugua uso? Ndiyo. Akasema hapa shida ni mzio wa ngozi, na ngozi ya ndani ya sikio ni ngozi kama nyingine, ikiwaka huku inawaka na kule. Bakteria na fangasi wanakuja kujinufaisha tu.

Tukamweka kwenye chakula cha majaribio: aina moja ya nyama ambayo hajawahi kula, pasipo kitu kingine chochote kwa wiki 8. Hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama iliwekwa kando. Kazi kubwa ilikuwa wanafamilia, kila mtu ana mkono wa huruma mezani! Kujikuna kulipungua sana. Tuliporudisha chakula cha zamani, siku chache tu sikio likawa jekundu tena, tukajua adui ni nani. Si kila mbwa mwenye mzio ana mzio wa chakula. Wengine ni vumbi, chavua au viroboto. Lakini sikio linalorudia lina chanzo, na chanzo hakimo kwenye chupa ya matone.

MamaSimba

Shangazi, pole sana, na ahsante. Hilo la kuanzia miguuni sikuwahi kulisikia.

Tabibu_wa_Miguu_Minne

Natibu wanyama, naongeza machache.

Shangazi ameeleza vizuri. Kwa masikio yanayorudia, mzio ndio tunaoukuta mara nyingi zaidi. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo tunaipima, hasa kwa mbwa wa makamo aliyenenepa na kuzubaa.

Naomba msitumie matone yaliyobaki ya mbwa mwingine au ya safari iliyopita. Sababu kubwa ni ngoma ya sikio. Ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa, mfano gentamisini, zikipenya zinaweza kuharibu usikivu na mizani ya mwili. Huwezi kujua imetoboka bila kuchungulia. Na kama kuna usaha wa kijani wenye harufu kali na vidonda, tunashuku Pseudomonas, bakteria mkaidi anayezizoea dawa upesi. Huyo anahitaji kuoteshwa maabara ili tujue dawa ipi inamuweza.

Mrudisheni mbwa akaangaliwe hata kama ameacha kujikuna. Maumivu hutangulia kuondoka, vijidudu hubaki.

Jirani_Mwema

Wangu alitikisa kichwa usiku kucha, asubuhi sikio limejaa, laini, lina joto. Ni damu: mishipa ilipasuka katikati ya ngozi na gegedu. Daktari aliitoa, akashona sikio lisijae tena, na akatibu maambukizi yaliyosababisha kutikisa. Tuliambiwa lingeachwa lingepona lenyewe, ila limekunjamana.

BabaPopi

Na mkiona mbwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anapepesuka, macho yanachezacheza, msisubiri kesho. Popi wetu maambukizi yalifika sikio la ndani. Alitapika, akawa hawezi kusimama. Alipona kwa vidonge vya muda mrefu, lakini kichwa kimebaki kimeinama kidogo. Tunampenda vilevile.

Chipukizi88

Pole baba. Tabibu, naomba kuuliza: masikio yenye afya tuyasafishe kila wiki? Na nywele za ndani tuzing'oe? Kuna aliyeniambia nitumie spiriti au haidrojeni peroksaidi.

Tabibu_wa_Miguu_Minne

Spiriti na peroksaidi hapana, zinachoma ngozi. Nywele za sikio lenye afya ziache, kung'oa kunaacha ngozi imejeruhiwa. Tunaziondoa pale tu zinapozuia dawa. Na sikio safi lisilonuka halihitaji kusafishwa kila wiki. Lifunue, litazame, linuse, basi. Anayeogelea au mwenye historia ya maambukizi, huyo mpangie ratiba na daktari wako.

Ukisafisha, jaza mfereji kwa kisafisha masikio, kanda shina la sikio kwa nusu dakika hivi mpaka usikie maji yanagugumia ndani, kisha mwachie atikise kichwa mwenyewe. Hapo uchafu unapanda juu. Futa kwa pamba pale kidole kinapofika, usizidishe. Akilia ukimgusa, acha, mpeleke akaonwe kwanza.

Shangazi_Pembe

Kwa wanaokimbiwa na mbwa wakiona chupa: ishikeni kiganjani kwanza ipate joto, maji baridi yanawashtua. Na mguseguseni masikio siku ambazo hakuna dawa, kisha mpeni kitu anachokipenda. Wangu sasa akisikia kifuniko kinafunguliwa anakuja mwenyewe na kuniwekea kichwa pajani.