Mmemlipa mpiga kanuni, halafu mnamwambia apunguze sauti?

Wakuu, tangu Jumamosi nina hasira, leo nimeshindwa kunyamaza.

Harusi ya mpwa wangu hapa Dar. Ukoo tumechangishana, kikundi cha taarab asilia kikavuka bahari kutoka Unguja: kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), udi, fidla mbili, akodiani, na ngoma ya dumbak. Wakaanza na bashrafu, ule muziki wa kufungulia. Hata dakika mbili hazijaisha, MC kadaka kipaza sauti: "Meza namba saba, karibuni chakula!" Bashrafu haina maneno, basi kwake yeye pale hapana kitu, ni nafasi ya kutangazia.

Nikasogeza kiti hadi mbele. Mzee wa kanuni alikuwa kavaa pete kwenye vidole vyote viwili vya shahada, kila pete imebana risha yake ya kudonolea nyuzi. Ile kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, sauti moja inabebwa na nyuzi tatu, na zote tatu lazima ziwe kitu kimoja. Nilimkuta mapema, ukumbi bado mtupu, anakaza uzi mmoja mmoja kwa ufunguo, sikio kaliinamisha. Zamu yake ya taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, ilipofika akaanza chini, taratibu, anaiacha sauti ifie yenyewe ndipo anagusa nyingine. Kile kimya cha katikati nacho ni muziki jamani! Mara kijana wa kamati akamwinamia: "Mzee, punguzeni kidogo, wageni hawasikilizani."

Wageni hawasikilizani!

Mzee hakujibu. Alikatisha taksimu, akampa ishara mwimbaji aingie.

Jina lenyewe taarab limetoka kwenye Kiarabu, tarab, ile hali ya mtu kuguswa na muziki hadi moyo ukapanda. Utaguswa vipi na kitu umekipa mgongo? Na shairi je? Fumbo linafungwa ubeti wa kwanza, linafunguliwa wa tatu; wewe ubeti wa pili uko kwenye simu, umesikia nini? Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja, alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zile upande mmoja ulikuwa dakika chache tu. Watu walizizunguka gramafoni kuzisikiliza. Sisi tumeletewa wapigaji wenyewe, wazima, hatua tano kutoka mezani, tukawapigia soga.

Kama mnataka sauti ya kusindikizia pilau, chomekeni flashi. Msiwavushe wazee wa watu bahari.

Dada yangu nimeshamwambia: Desemba akiolewa yule mdogo, kipaza sauti cha MC nakaa nacho mimi mpaka wimbo uishe. Kanuna, lakini sirudi nyuma.