Naomba ushauri: bunduki ya Dreamcast haikubali TV ya flati

Wakuu, mjomba kaniachia Dreamcast yake (mashine ya zamani ya kuchezea gemu kwenye TV), bunduki yake ya plastiki na diski ya The House of the Dead 2, lile gemu la Sega la kupiga mazombi. Picha inakuja safi, ila kila nikifyatua inajaza risasi tu, kana kwamba nimelenga nje ya kioo. Zombi ananitafuna na bunduki nimemwelekezea usoni kabisa!

Fundi anasema bunduki hizi husoma mwanga wa TV ya kichogo inavyochora picha mstari kwa mstari, flati haifanyi hivyo. Nitafute kichogo (mke wangu hataki hata kukisikia), au kuna bunduki ya kisasa inayokubali Dreamcast yenyewe? Aliyewahi kufunga anielekeze.