Gita halikuwa letu: wapiga dansi wa zamani, tupeane uzoefu

Rithim Kasoro Bahari

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya tuliopiga dansi miaka ya 1970 na 1980 tukabaki bila jina. Siwasemei wale mnaowasikia redioni kwenye vipindi vya zilipendwa. Nawasemea wa bendi za viwandani, mashambani, vyuoni na wilayani, watu walioshika mashine mchana na gita usiku. Habari za kina Mbaraka Mwinshehe na Muhidin Gurumo zimeandikwa, na ziendelee kuandikwa. Za kwetu zitaandikwa na nani kama si sisi?

Mimi nilipiga rithim, gita linaloshikilia mdundo, kwenye bendi ya kiwanda, Morogoro. Kitu ambacho vijana wengi hawakijui ni kwamba vyombo havikuwa vyetu. Mtu angeweza kupiga gita mpaka anastaafu na asimiliki hata waya wa kuchomekea. Dansi la Tanzania ndivyo lilivyojengwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili jina bendi nayo ikafuata: JUWATA, kisha OTTU, hadi leo ni Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, Mwenge Jazz ya jeshi. Shirika lilinunua magita, amplifaya, tumba na matarumbeta, likashona sare, likatoa gari. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake na koo lake.

Naliheshimu jambo hilo. Mshahara wa fundi wa mashine usingenunua hata spika moja, na bila shirika nisingeligusa gita la umeme maishani. Lakini mazoezi yakiisha, katibu anahesabu vyombo, stoo inafungwa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Utajifunzia wapi? Mimi nilichonga kipande cha mninga, upana wa shingo ya gita, nikakikwaruza mistari ya freti, vile vyuma vinavyokata shingo ya gita. Usiku nakaa nacho kitandani nahamisha vidole kutoka mkao wa C kwenda F, F kwenda G, bila sauti yoyote. Mke wangu alizoea mpaka akawa anajua nimekosea kwa kuutazama uso wangu.

Halafu nyuzi. Baada ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa shida na madukani hakuna kitu. Uzi wa kwanza ndio unaokatika kila mara. Tulifumua waya wa breki ya baiskeli tukachomoa uzi mmoja, tukaufunga. Ulilia kwa ukali, uliota kutu upesi na ulichana vidole, lakini dansi liliendelea. Nyuzi za besi tulizichemsha kwenye sufuria. Jasho na uchafu wa vidole vikitoka, sauti inafunguka tena kwa muda.

Karibuni. Tuambie ulipiga chombo gani, kilikuwa cha nani, na kiliishia wapi.

Tumba la Makorora

Mkuu, umenigusa. Mimi ni wa Tanga, nilipiga tumba kwenye bendi ya shamba la mkonge. Tulikulia mji wenye Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ilibidi kila mtu awe na upande wake. Tukiwa watoto tulisimama nje ya ukumbi, chini ya dirisha, tunapiga mapaja kufuata tumba. Darasa langu lilikuwa hilo. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, waliondoka mji huuhuu wakaenda Arusha na baadaye Nairobi, wakawa Simba Wanyika. Kwa hiyo kila kijana wa Tanga aliyeshika chombo aliamini kuna basi linamsubiri.

Tumba zetu zilikuwa mali ya shamba. Ngozi na hewa ya bahari haviivani, wenzangu wa pwani mnajua. Ikifika saa nne usiku ngozi imelegea, inatoa sauti ya pumba. Tunatoka nyuma ya ukumbi tunawasha makaratasi na makuti, tunaizungusha tumba juu ya moto polepole, huku unaipiga kwa kidole mpaka isikike kavu. Ukizidisha, inapasuka, na ngozi nyingine hupati mwezi huo. Drums ndogo ilipochanika tuliomba picha za eksirei zilizokwisha kazi pale zahanati, tukakata duara, tukaibana na ringi. Ililia kali kuliko ya dukani.

Na ile amri ya Jumapili mnaikumbuka? Magari binafsi yalikuwa hayatembei baada ya saa nane mchana bila kibali. Tukipiga Jumamosi Korogwe au Muheza, gari la kukodi lilazimika kuondoka mapema Jumapili. Mkichelewa kupakia, mnalala na vyombo vyenu hadi Jumatatu, na Jumatatu alfajiri msimamizi anaita majina shambani.

Ninayetaka atajwe hapa ni mpiga manyanga wetu, yale makopo ya kutikisa. Alikuwa mlinzi wa usiku aliyebadilishana zamu na wenzake ili aje. Hakuimba, hakucheza, hakuna aliyemtuza hata senti. Lakini mdundo ukianza kukimbia, sote tulimtazama yeye, hata mpiga drums. Mkono wake haukuongeza wala kupunguza kuanzia wimbo wa kwanza mpaka watu wanatafuta viatu. Bendi kubwa zilikuwa na wapiga solo. Sisi tulikuwa na yule bwana, na nasema wazi kwamba bila yeye tusingeitwa bendi.

Mama wa Chumbageni

Shikamooni kaka zangu. Mmesahau taarabu, na Tanga ndiko taarabu ilikoshika gita. Zanzibar walikuwa na udi, kanuni na fidla. Huku kina Black Star na Lucky Star walitumia gita la umeme, besi na kinanda, na bado ilikuwa taarabu tupu. Mimi niliimba kwenye kikundi kidogo cha mtaani, harusini tu, na kaka yangu alilazimika kukaa ukumbini mpaka mwisho ndipo baba aridhike.

Tofauti na nyie ni kwamba vyombo vyetu vilikuwa vyetu. Pesa za kutuzwa hazikuingia mfukoni mwa mwimbaji. Ziliokotwa, zikahesabiwa mbele ya wote, zikaingia kwa mweka hazina. Zile noti nilizobandikwa pajini mwa uso ndizo zilizonunua kipaza sauti nilichoimbia mwaka uliofuata, na nilikishika nikijua hivyo. Raha yake siwezi kuieleza.

Ila chenu kikiwa chenu, mkigombana nani anaondoka nacho? Kikundi chetu kiligawanyika, na kesi ya kinanda ikapelekwa kwa wazee wa mtaa. Waliamua kinanda kikae upande mmoja na gita upande wa pili. Kinanda bila gita, gita bila kinanda. Pande zote mbili zilikufa.

Mwisho wa Reli

Niko Kigoma. Gita la kwanza nililoligusa lilikuwa la baba, alirudi nalo kutoka migodini Katanga, Kongo. Gita kavu, la mbao, lisilo na umeme. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama walivyopiga watu wa kule. Gumba linatembea na besi, kidole kinaimba juu, unaweza kuapa kuna watu wawili chumbani. Mwenda Jean Bosco ndiye aliyeutangaza upigaji huo baada ya mtafiti wa muziki Hugh Tracey kumrekodi huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Wimbo wa "Masanga" baba aliupiga kila Jumapili asubuhi.

Wimbo ukimtaka apande sauti, aliweka penseli juu ya nyuzi, akaifunga kwa kamba nyuma ya shingo ya gita, akaisogeza freti anayotaka. Nilipojiunga na bendi ya chuo wakanipa gita la umeme na kipande cha kupigia. Nilikitupa. Mpaka leo napiga kwa gumba na shahada, na ni kati ya vitu vichache vya baba nilivyobaki navyo.

Kisauni Usiku

Huku Mombasa tulipiga hotelini. Vyombo vilikuwa vya kiongozi wa bendi, na mwenye vyombo ndiye mwenye neno. Anakata sehemu yake kwanza, sisi tunagawana kilichobaki. Kutoka 1982 Them Mushrooms walipotoa "Jambo Bwana", hakukuwa na usiku tulioruka wimbo ule. Watalii waliutaka kabla ya chakula na baada ya chakula. Nilitamani kupiga rumba, lakini karo ya watoto ililipwa na wimbo huo, na nauheshimu.

Rithim Kasoro Bahari

Nawasoma wote kwa furaha kubwa. Mama wa Chumbageni, marahaba, na hilo la kinanda limeniuma.

Tumba la Makorora ameuliza pembeni bendi yetu iliishia wapi. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa, bendi ndiyo iliyokuwa mzigo wa kwanza kutupwa. Hakuna aliyetutangazia. Siku moja stoo haikufunguliwa kwa mazoezi, na wiki iliyofuata haikufunguliwa, basi. Ilipofunguliwa kwa mnada, mchwa walikuwa wamekula tumba hadi kwenye pete za chuma, magita yamepinda shingo, amplifaya zikauzwa kwa mafundi redio wachukue transfoma. Nililiona gita langu, nililijua kwa alama ya sigara pale kichwani. Alilinunua mtu niliyeamini hatalipiga kamwe.

Mwenzangu wa second solo, gita linalokaa kati ya rithim na solo, alikuwa idara ya ufumaji. Kule kelele za mashine hazikuruhusu maneno, kwa hiyo wafumaji walizoea kusemezana kwa macho na midomo. Tabia hiyo aliileta jukwaani. Akiinua nyusi najua tunaingia chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, akitazama miguu yake najua tunarudi kwa mwimbaji. Tulipiga pamoja miaka mingi na sikumbuki tuliwahi kujadili wimbo kwa mdomo. Alipopata kiinua mgongo, kabla ya bati, kabla ya kitu chochote, alinunua gita. La mitumba, lina ufa ubavuni, lakini ni lake. Ijumaa jioni nakwenda kwake. Linapita mkono kwa mkono, kwa kuwa mimi bado sina.

Kijana wa Sinza

Shikamooni wazee wangu. Sisi tuna kabendi ketu, tunapiga zilipendwa kwenye baa. Vyombo tunavyo, kila mtu na chake. Lakini magita matatu yakilia pamoja inakuwa vurugu tupu. Nyie mlifanyaje?

Rithim Kasoro Bahari

Marahaba mwanangu. Kila gita likae nyumba yake kwenye shingo. Rithim abaki chini, freti ya kwanza hadi ya nne, apige kwa kukata, asiache nyuzi zikalia ovyo. Second solo akae katikati, kuanzia ya tano hadi ya tisa, na kifungu kimoja kifupi anachokirudia bila kuchoka. Solo apande juu. Solo akishuka, second ahame, wasikutane. Mwimbaji akiimba, solo anyamaze, ajibu mwisho wa mstari tu.

Chemko ikifika msiingie wote pamoja. Aanze second na kifungu chake, mzunguko mzima, rithim ajiunge, besi aachie nafasi, solo aje wa mwisho. Anzeni mazoezi bila amplifaya, magita makavu, mkae karibu kiasi cha kusikiana. Mkiweza hivyo, chomekeni. Na tafuteni mtu wa manyanga, mumlipe sawa na wengine.