Gemu mbovu ambayo mkono unagoma kuifuta: mimi naanza na Far Cry 2

Mpiga_Spana:
Wakuu salaam. Juzi nilikuwa napunguza vitu kwenye laptopu maana diski imejaa mpaka inakohoa, muvi zote nimetoa, picha za harusi ya shemeji nimezihamishia kwenye flashi, nikafika kwenye folda la Far Cry 2 mkono ukagoma. Nikakaa najiuliza hii kitu naing'ang'ania ya nini wakati kila nikiicheza lazima nitukane.

Kwa ambao hawaijui, ni ya Ubisoft, ilitoka 2008. Wewe ni mamluki umetumwa kwenye nchi moja ya Afrika ya kutunga, kuna vita, vikundi viwili vinapigana, na umetumwa ukamuue jamaa anaitwa Jackal anayewauzia silaha wote wawili. Unafika tu malaria inakuangusha hotelini, unafumbua macho Jackal mwenyewe yupo chumbani anapekua makaratasi yako, anakuhurumia anaondoka zake. Mwanzo mtamu kuliko huo sijauona.

Sasa njoo kwenye ubovu. Vizuizi vya barabarani! Kila njia panda kuna kibanda, magunia ya mchanga na jamaa wanne watano wenye hasira. Unapigana nao, unawamaliza, unaziba majeraha, unaokota risasi, unaondoka. Ukirudi njia ile ile baadaye kidogo tu wapo wote kama vile hujawahi kupita. Na misheni zao sasa, uko kaskazini unaambiwa nenda kusini, ukimaliza kusini rudi kaskazini, mabasi ya kukusogeza yapo lakini stendi zenyewe ni tano kwenye ramani nzima kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yako unaendesha gari huku unapigwa risasi. Halafu hata ukiwa unafanyia kazi kikundi fulani, watu wa kikundi hicho hicho wakikuona barabarani wanakumiminia tu, wanakuambia ni kazi ya siri hakuna anayekujua. Siri gani hiyo jamani.

Kingine mimi kama fundi magari kinanichekesha mpaka leo, gari ikipigwa ikatoa moshi unafungua boneti, unatoa spana, unakaza nati MOJA, gari imepona. Redieta imetoboka, nati. Injini inawaka moto, nati ile ile. Natamani wateja wangu wasiione hii gemu wataanza kuuliza kwa nini nawachaji.

Na bado sifuti. Swali langu: gemu yako mbovu ni ipi, na huo ubovu wake unauvumilia tu au ndio unaokurudisha? Karibuni.

NesiWaZamu:
Mkuu umenikumbusha mbali, hii niliicheza kwenye kompyuta ya kaka yangu nikiwa chuo. Mimi hoja yangu ni hiyo malaria. Unatembea zako skrini inaanza kuwa na ukungu, inakuwa kama njano hivi, unabonyeza kitufe unameza kidonge kimoja, umepona unaendelea kuua watu. Kidonge kimoja! Sisi huku mseto, ile dawa ya malaria, mtu mzima ni vidonge vinne asubuhi vinne jioni siku tatu, jumla ishirini na vinne, na tunakusisitizia ule kwanza, na bado siku ya pili mtu akipata nafuu anavificha chini ya godoro anatuambia amemaliza.

Ila nikuambie kitu, pamoja na kucheka kote huko ile homa ndiyo naikumbuka kuliko bunduki zote. Maana vidonge vinaisha, na vikiisha inabidi uache vita vyako uende ukapeleke makaratasi ya safari kwa raia waliojificha ili wakupe vingine. Mwanaume mzima na bazuka mgongoni anakimbizana na dozi. Hapo walipatia bila kujua au wakijua, sijui. Gemu nyingi ukiumwa unakula mkate umepona, hii angalau inakukera kama ugonjwa unavyokera.

KijanaWaPedi:
Yangu ni PES 6, gemu ya mpira ya PS2, na mtakaobisha mje hapa hapa.

Leseni ya kutumia majina halisi ya timu nyingi hakuna. Chelsea inaitwa London FC, Liverpool inaitwa Merseyside Red, ligi ya Ujerumani haipo kabisa wamekuachia Bayern peke yake kama yatima. Halafu kuna Adriano wa Inter. Wanaojua wanajua. Ile mguu wa kushoto akiwa mita thelathini unajaza baa ya shuti, kipa anabaki anaangalia nyavu, mpira umeshafika zamani. Kibanda cha gemu nilichokulia mimi kulikuwa na sheria imeandikwa kwa chaki ukutani, Inter marufuku, ukiichukua unalipia gemu mbili. Siyo mwenye kibanda aliyeiweka, ni sisi wachezaji wenyewe tulikaa kikao baada ya ugomvi wa pedi kurushwa.

Sasa nimecheza mpira wa kwenye konsoli za siku hizi, sura za wachezaji zinatoa jasho kabisa, majezi yote halali, nyimbo za mashabiki. Sawa. Lakini mechi mbili tatu nimechoka. Ile ya London FC nilikuwa naikosea chakula cha mchana. Hata yale majina ya uongo kwenye Masta Ligi, Castolo, Minanda, Ximelez, kuna watu hapa wanawakumbuka kuliko kikosi cha timu yao ya taifa msinidanganye.

Kadogo254:
Mimi nitakuwa yule mtu mbaya wa hii thread, mnisamehe tu.

Nimecheza hio Far Cry 2 mara mbili nikamaliza na sioni vile mnaipenda hivi rahisi. Malalamiko ya vizuizi sijui nati, hizo ni ndogo. Shida kubwa ni hii: ni Afrika haina watu! Mwanzo kabisa kuna dereva wa teksi anakubeba kutoka uwanja wa ndege, anapiga story njia yote, unaona watu wanatoroka na mizigo, unasema wow, hii itakuwa kitu tofauti. Halafu huyo dereva anapotea na baada ya hapo ni wewe na wanaume wenye bunduki masaa thelathini. Kuna padre, kuna mwandishi wa habari, kuna hao wachache wamejificha ndani ya nyumba, basi. Hakuna soko. Hakuna mama anauza kitu. Hakuna mtoto. Pundamilia wako, nyati wako, swala wako, yani mnyama amepewa nafasi kuliko mwenyeji.

Na wajua ile injini ya kutengeneza hii gemu wanaiita aje? Dunia. Eeh, Dunia, hivyo hivyo na spelling yetu. Wameendelea kuitumia hata kwa Far Cry za baadaye. Ati dunia na haina walimwengu.

Najua mtaniambia kuna vita raia wametoroka. Sawa, lakini mimi naona hio ni njia rahisi ya kukwepa kazi, kutengeneza mtu wa kuongea naye ni ngumu kuliko kutengeneza mtu wa kupiga risasi. Na bado nilimaliza mara mbili ju ule moto kwa nyasi… hapo sina maneno. Unarusha chupa ya petroli, upepo unageuka, moto unakurudia wewe mwenyewe.

Mzee_wa_Konsoli:
Kadogo dada yangu hoja yako nzito na sitaipinga yote, ila naomba tutenganishe vitu viwili hapa maana naona uzi unachanganya. Kuna ubovu wa mtu aliyejaribu kitu kigumu akashindwa nusu, na kuna ubovu wa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza. Hivi havifanani kabisa.

Mfano mzuri ni GTA San Andreas. Ile ya 2004 imejaa ubovu. Ile misheni ya kufuata treni na pikipiki, rafiki yako Big Smoke yuko nyuma yako na silaha na bado hapigi mtu, halafu ukishindwa lawama zote kwako CJ, yaani wewe unayecheza. Ile ya kindege cha rimoti cha Zero, mafuta kidogo mno, umewamaliza wale wapeleka mizigo wote uko njiani kurudi kinazima. Nilivunja pedi ya mjomba kwa misheni ile na kumbe hata siyo ya lazima kumaliza stori, nilikuja kujua miaka imepita. Lakini kwenye PS2, mashine yenye memori ya megabaiti 32, wale watu walikupa miji mitatu, jangwa, mlima, shule ya urubani, gym, ukila baga nyingi unanenepa. Ubovu wake ni wa mtu aliyebeba gunia kubwa kuliko mgongo wake.

Halafu ikaja ile waliyoirudia Novemba 2021 na kuiita toleo la mwisho kabisa. Mvua ikinyesha huoni mbele, maandishi kwenye mabango yamekosewa herufi, sura za watu kama za plastiki iliyoachwa juani. Rockstar, wenye gemu wenyewe, waliomba radhi na kurudisha yale matoleo ya zamani ya kompyuta dukani. Huo sasa ndio ubovu wa pili, na huo sina utani nao, mtu amelipa hela nzima.

Kwa hiyo Far Cry 2 mimi naiweka kundi la kwanza. Ila kuhusu watu kutokuwepo Kadogo, hapo umenibana, sina jibu.

Kadogo254:
Mzee asante, lakini hio kugawanya kwako ina shimo. Nani anaamua kwamba huyu alijaribu na huyu alikuwa na haraka? Ukiwa na miaka kumi na mbili na pedi ya mjomba yako unasamehe kila kitu. San Andreas ingetoka leo vile ilivyo, na hio kindege, ungeiita uzembe.

Mzee_wa_Konsoli:
Inawezekana. Mjomba alinikata hela ya pedi kwenye kila sikukuu miaka miwili, labda ndiyo maana naitetea, nimeilipia.

MtuWaKibokoni:
Assalam aleikum jamaa. Hamjataja Deadly Premonition nashangaa sana. Yatoka Japani, 2010, mtengenezaji wake ajulikana kwa jina la SWERY. Hii yaonyesha vile wahakiki wenyewe hawajui la kufanya na gemu za namna hii: IGN waliipa mbili kwa kumi, Destructoid wakaipa kumi kwa kumi. Gemu hiyo hiyo moja! Si kwamba mmoja alikosea, nimeicheza na nawaambia wote wawili wasema kweli. Gari yaenda kama mkokoteni, ramani ukiifungua hujui uko wapi, kupigana ni adhabu. Lakini yule askari, York, yuamwaga siri zake zote kwa mtu anayemwita Zach ambaye humuoni, wako ndani ya gari wazungumza habari za muvi za kale njia nzima, na wakaazi wa ule mji kila mmoja ana ratiba yake, huyu mvua ikinyesha hatoki, yule usiku yuaenda baa, ukimfuata waweza kumchungulia dirishani. Nilikuwa nachukia kuendesha lakini naendesha polepole makusudi nisifike kabla hajamaliza maneno yake.

Sasa hapo ndugu Mpiga Spana, swali lako la kuvumilia ama kurudishwa mimi sijui niweke wapi.

Mpiga_Spana:
Wakuu nimesoma yote, Nesi umeniua na godoro.

Kadogo, uliyosema nimeyafikiria na jana usiku nimeifungua tena makusudi niangalie. Ni kweli, nimeendesha kama dakika arobaini sijaona mtu ambaye hanitaki maiti. Sikuwahi kuliona hilo miaka yote, nililichukulia kama hali ya hewa. Sasa nikishaambiwa siwezi kuacha kuliona, umeniharibia kidogo.

Lakini sikiliza kilichotokea. Nimefika kizuizi kimoja karibu na mto, bunduki nimeiokota kwa adui, ina kutu, nikajua itaniponza nikasema liwalo na liwe. Risasi ya tatu imekwama. Niko katikati ya barabara najaribu kuikwamua huku natandikwa, nikaanguka, skrini inaenda giza, rafiki yangu akatokea kusikojulikana akaniburuta pembeni akanipa bastola tukaendelea. Tumewamaliza. Nageuka namkuta naye yuko chini ameshika tumbo anaita. Nimemdunga sindano ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Ile ya tatu alitulia, hakuamka. Na kwenye hii gemu rafiki akifa hafufuki, wale wa kizuizini ndio wanafufuka.

Nimefunga laptopu saa nane usiku nimekaa tu kitandani, mke anauliza kuna nini nikamwambia hamna, kuna mteja hajalipa.

KijanaWaPedi:
Mkuu hiyo kwenye laptopu ya ramu 4 inakubali? Niandalie hilo folda nakuja na flashi Jumamosi.

Mpiga_Spana:
Ya 2008 hiyo dogo, itakubali tu. Njoo na flashi kubwa na uje mapema, mchana nina injini ya kushusha.

NesiWaZamu:
Kaza nati moja tu mkuu, mchana wote wa nini.