Fire Emblem ya GBA: Florina na Pegasus wake, mbona mshale mmoja tu chali?

msafiri_pixel
Wakuu, naomba ufafanuzi. Nacheza Fire Emblem ya Game Boy Advance, ile ya 2003 yenye Lyn, Eliwood na Hector. Florina ndiye pekee niliye naye mwenye farasi wa mabawa, leveli 1. Gemu inamsifia kwa kasi, lakini vitani sioni hiyo kasi: wenye panga wanampiga mara mbili, majambazi wa shoka anawakosa ovyo, na mpiga upinde akijitokeza basi kwisha. Nimempa mikuki ya Iron Lance na Javelin. Nimwache benchi au kuna namna ya kumtumia?

mkuki_mwembamba
Mnyang'anye hiyo Javelin kwanza. Con yake (ukubwa wa mwili) ni 4, na kasi ya vitani ni Spd (kasi yake ya msingi) ukitoa uzito wa silaha uliozidi Con. Leveli 1 ana Spd 9. Slim Lance ina uzito 4, haimpunguzii kitu. Iron Lance ni 8, anashuka hadi 5. Javelin ni 11, anabaki na 2! Anayemzidi mwenzake kwa 4 ndiye anayepiga mara mbili, kwa hiyo hapo adui mwenye kasi ya 6 tu anamtandika mara mbili. Kukwepa nako kunaporomoka, maana ni kasi mara mbili ukijumlisha Lck (bahati): kwa Slim Lance ana 18 + 7 = 25, kwa Javelin 4 + 7 = 11. Na usitegemee atakua, Con haipandi kwa kupanda leveli.

Slim Lance inaonekana dhaifu (Mt, yaani nguvu ya silaha, ni 4, Iron ina 7), ila piga hesabu. Str yake (nguvu za mwili) ni 5. Adui mwenye Def (ulinzi) 3 ambaye hana kasi: Slim inatoa 6 mara mbili, jumla 12, Iron inatoa 9 mara moja. Zinalingana adui akiwa na Def 6. Zaidi ya hapo, yaani watu wa deraya nzito, huyu binti asiwasogelee kabisa.

Majambazi wa shoka ni suala jingine. Shoka linaushinda mkuki: unapoteza Hit (uwezekano wa kulenga) 15 na nguvu 1, naye anaongezewa hivyo hivyo. Ramani za mwanzo za Lyn zimejaa mashoka, ndiyo maana watu wengi wanamkatia tamaa mapema. Waachie Lyn na upanga wake wawapunguze, Florina amalizie waliobakiza HP (uhai) chache. Wenye panga na wachawi ndio riziki yake.

kamba_ya_upinde
Naongezea kwenye mishale. Katika toleo la Kiingereza, upinde dhidi ya kiumbe arukaye unazidishiwa Mt mara 2. La Kijapani ni mara 3. Tuseme mpiga upinde ana Str 4 na Iron Bow (Mt 6): 12 + 4, toa Def 4 ya Florina, ni 12. Ana HP 17, anabaki na 5. Mpiga upinde huyo huyo akiwa na Steel Bow (Mt 9), ni 18 na kwaheri. Kwa hiyo kabla hujamsogeza fungua orodha ya silaha za adui, usiangalie picha ya upinde tu.

Sasa umbali. Mpiga upinde wa miguu anatembea miraba 5 na kupiga kwa 2, jumla 7. Pegasus anaruka 7 na kupiga wa jirani, jumla 8. Msimamishe mraba wa 8: hakufikii, wewe unamfikia. Ukimpiga ukiwa umemkaribia hawezi kujibu, upinde wa kawaida unapiga umbali wa 2 tu. Lakini hakikisha anakufa zamu hiyo, la sivyo zamu yake anarudi nyuma hatua moja na kukulenga. Angalia pia wapiga upinde wa farasi, wao wanatembea 7, na ule Longbow unafika umbali wa 3.

Kosa lingine la wengi ni kumweka juu ya msitu wakidhani anajificha. Arukaye hapati faida yoyote ya ardhi, iwe msitu au mlima.

dada_wa_Ilia
Nyote mnamwona kama silaha tu. Kazi yake kubwa ni kubeba watu. Uwezo wa kubeba wa mwanamke aliye juu ya mnyama ni 20 ukitoa Con, kwa hiyo ule wembamba mnaoulalamikia unampa 16: anambeba hata Hector mwenye Con 13, au Oswin wa deraya nzito mwenye 14. Na baada ya kubeba anaruka miraba iliyobaki. Anasogea 3, anamnyakua mtu, anaondoka na 4. Zamu inayofuata anamshusha ng'ambo ya mto. Ila akiwa na mzigo Spd na Skl (ustadi) zinakuwa nusu, asishinde mbele ya maadui.

Kuanzia leveli 10 unaweza kumpa kifaa cha Elysian Whip apande daraja awe Falcoknight: Con inaongezeka 1, mwendo unakuwa 8, na anaanza kushika panga. Hapo mashoka yanakuwa si tishio tena.

msafiri_pixel
Asante sana wakuu. Halafu, kwa nini hakuna wanaume juu ya hawa farasi? Kwenye hadithi ya Kigiriki si alipandwa na Bellerophon?

mkuki_mwembamba
Ndiyo, kwa hatamu ya dhahabu aliyopewa na Athena, na akiwa juu yake alimuua zimwi Chimera. Tena Wagiriki walikuwa na Pegasus mmoja tu, aliyechomoka kwenye damu ya Medusa. Kumfanya awe kundi zima la farasi wanaopandwa na wanawake ni ubunifu wa mfululizo huu, na wenyewe hawakuushikilia siku zote: Fire Emblem Fates ya 2015 ina Subaki, mwanaume.

dada_wa_Ilia
Ukifika mbele tafuta dada zake, Fiora na Farina. Wote watatu wakimzunguka adui mmoja pande tatu, anayeshambulia hakosi na pigo linakuwa la hatari (critical). Farina yuko Hector Mode (hadithi ya upande wa Hector) pekee na anadai dhahabu 20,000, anza kubana matumizi mapema.