Chake Chake: mgeni apitishwe tu, au ateremke?

MTOA MADA
Assalam alaykum. Mtalii anashuka uwanja wa ndege wa Pemba, gari la hoteli linamchukua moja kwa moja hadi Makangale, kaskazini ya kisiwa, anazamia kutazama matumbawe, kisha huyo kwao. Mji wetu wa Chake Chake kauona dirishani tu. Wapo wanaosema bora hivyo, mji ubaki na utulivu wake. Mie nasema ateremke.

Ngome kongwe ipo, ingawa sehemu kubwa ilivunjwa kupisha hospitali. Iliyobaki ni makumbusho. Magharibi kuna Ras Mkumbuu, na msikiti wake na makaburi ya mnara. Lakini roho yangu iko Pujini, kwenye ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, ya karne ya 15. Jina lenyewe maana yake mkamua wanaume: husimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Nilimpeleka mpwa wangu, akainama kisimani akauliza, "Mjomba, mbona ngazi iko upande mmoja?" Nikamweleza tulivyohadithiwa: wake wawili hawakutaka kuonana, kisima kikakatwa kwa ukuta, mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwenzake akishuka ngazi. Njia nzima ya kurudi hakuacha kuuliza. Mtoto wa Chake huyo, miaka 12, na ndiyo kwanza anafika.

MCHANGIAJI WA WETE
Waalaykum salaam. Ndugu yangu, mie nimefanya kazi Nungwi, kule Unguja kwenye hoteli za ufukweni. Huko mvuvi anapenya uchochoro baina ya hoteli mbili ili aifikie ngalawa yake. Mabinti wanapita na mabuibui yao mbele ya watu nusu uchi. Kodi za nyumba Chake zikipanda, mwalimu wa skuli atakaa wapi?

MCHANGIAJI WA PUJINI
Waje, lakini waje na mtu wa hapa. Nimemsikia dereva akiwaambia wageni hii ngome ya Wareno! Wareno walipofika mwambao huu kuta zilikwishasimama. Tukinyamaza, historia yetu itasimuliwa na wapita njia.

MTOA MADA
Kaka wa Wete, la Nungwi silipingi, limeniuma hata mie. Ila Nungwi kilichouzwa ni ufukwe. Pujini mgeni anakuja kusikiliza, na msimulizi anaweza kuwa kijana wa kijiji, kiingilio sehemu yake ikabaki kijijini, na mavazi ya heshima yakawa sharti tangu mlangoni. Kumbuka pia mkarafuu tunaoutegemea hauzai sawa kila mwaka. Msimu mzuri majamvi yanajaa barabarani na mji mzima unanukia. Mwaka wa mavuno haba vijana wanapanda boti kwenda Unguja, na wengine hawarudi. Hao ndio ninaowasemea.

Dada wa Pujini, nani hapo kijijini anakijua vyema kisa cha kile kisima? Jumamosi nitakuja na mpwa wangu tumsikilize. Na kaka wa Wete, nakuomba uje.